Mayai ya kuvuruga laini nyumbani: tatizo letu ni moto

Jiko la Tabata

Wakuu, habari za Jumapili.

Hili jiji linakula mayai kila kona. Asubuhi na chai, mchana juu ya chipsi, usiku zege, yaani chipsi mayai. Lakini mayai ya kuvuruga ya majumbani mwetu mengi yanatoka makavu, kahawia pembeni, mafuta yanachuruzika, ukitafuna yanagoma. Halafu lawama anatupiwa kuku: "siku hizi mayai ya kisasa hayana ladha". Kuku wa watu hana kosa. Mayai ya kuvuruga tunayapikia moto wa chipsi mayai, basi.

Ule moto wa kibandani una sababu zake. Yule kijana anataka yai lishike viazi upesi, ligeuke bila kukatika, lipate ukahawia kidogo, na watu wamejipanga mbele yake wanamwambia "kaka harakisha". Mafuta yakivuta moshi kwake ni kazi inakwenda. Ukichukua tabia hiyo ukaipeleka kwenye mayai ya kuvuruga umeharibu.

Sikilizeni namba kidogo. Ute wa yai unaanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi. Kiini kinaanza 65 na kinashika kabisa kwenye 70. Ukishavichanganya, vyote vimeiva vizuri kwenye sabini na kitu. Maji yenyewe yanachemka 100, na mafuta yanayovuta moshi yanacheza kwenye 200 na zaidi. Kwa hiyo yai likitua kwenye mafuta ya namna hiyo, pale pazuri limeshapapita kabla hujashika mwiko. Protini za yai zikipata joto zinajikunjua na kushikana, zinakuwa kama wavu uliobeba maji ndani. Joto likizidi wavu unajikaza na maji yanakamuliwa. Yale majimaji unayoyakuta chini ya sahani ndiyo hayo, na ndiyo maana pande la juu limekauka.

Ninavyopika mimi: mayai matatu kwa mtu mzima. Pasua moja moja kwenye kikombe ndipo umimine kwenye bakuli, maana viza moja linaondoka na wenzake wote. Weka chumvi hapo hapo, robo kijiko cha chai inatosha. Piga kwa uma mpaka usione tena ile michirizi ya ute. Sasa yaache dakika kumi, kumi na tano, bandika chai, kata mkate. Ukirudi utakuta yamekolea rangi na yamekuwa mepesi kidogo. Ni chumvi hiyo imefanya kazi.

Kikaango kwenye moto mdogo, siagi kijiko kimoja cha chakula. Siagi ikiyeyuka itatoa povu, hayo ni maji yake yanaondoka. Povu likianza kutulia, kabla siagi haijageuka rangi, mimina mayai. Sikiliza. Ukisikia "chwaaa!" nyanyua kikaango juu, usisubiri kuhangaika na swichi ya jiko. Inatakiwa kimya, au kasauti kadogo tu. Subiri pembeni pashike, halafu sukuma na mwiko kutoka ukingoni kuja katikati, taratibu, yale mabichi yateremke yachukue nafasi. Ukisukuma polepole unapata mapande makubwa laini. Ukikoroga bila kupumzika unapata kitu kama uji mzito wenye chembe ndogo ndogo, Wafaransa ndio wanapenda hivyo, wengine wanapika bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji ya moto kabisa. Yote ni sawa, ni mdomo wako.

Halafu kutoa. Toa yakiwa bado yanang'aa juu, yanaonekana kama yanadai dakika moja zaidi. Hiyo dakika yatajilipia yenyewe kwenye sahani, kwa sababu kikaango na mayai yenyewe bado vina joto. Ukisubiri yaonekane yameiva kwenye jiko, mezani yatafika yamepitiliza.

Karibuni mkosoe.

Daladala la Gongo la Mboto

Uzi bila picha ni tangazo tu mkuu.

Kijana wa Geto

Naweka kambi. Ila swali, nyanya, kitunguu na hoho umeviweka wapi? Mayai matupu na siagi hayo si ya Masaki hayo? Kwetu mayai bila nyanya na kitunguu ni ya mgonjwa.

Jiko la Tabata

@Kijana wa Geto, hapana, ya nyanya nayapenda pia. Lakini hapo ndipo wengi wanaharibu. Nyanya ni maji. Ukiikatia kwenye mayai, au ukaimwagia mayai wakati nyanya bado mbichi, yale maji yanatoka katikati ya mapishi, unaona mayai yanaogelea, unaongeza moto ili yakauke, na kinachokauka ni mayai. Kaanga kitunguu kwanza mpaka kilegee, weka nyanya na chumvi kidogo, moto wa kawaida, pika mpaka irojeke na uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo imeisha maji. Kisha punguza moto, subiri kidogo kikaango kipoe, ndipo mayai. Wahindi wa Upanga wanapika hivyo na bizari na kotimiri na pilipili mbichi, na mayai yao hayavuji.

Hoho nakata ndogo sana nakaanga pamoja na kitunguu. Karoti mimi siweki, lakini sitagombana na mtu.

Mama Kijacho

Naomba niulize kwa niaba ya sisi wa mkaa. Huo "moto mdogo" wa kwenye mtungi tunaujua, unazungusha tu. Mkaa ukishakolea unaupunguzaje? Umuambie shikamoo?

Bibi wa Buguruni

Mwanangu @Mama Kijacho, mkaa unapungua vizuri tu. Ukishapikia kitu kingine, chai au maharage ya jioni, makaa yamekwisha kuwa mekundu na kuanza kuvaa majivu, hapo ndipo pa mayai. Usipikie mayai kwenye mkaa mpya unaorusha cheche. Tenga makaa pembeni, acha machache katikati, nyunyiza majivu juu, funga kile kidirisha cha jiko kinachoingiza hewa. Na sufuria iwe nzito. Hivi visufuria vyepesi vinaunguza chini kabla juu hakujapata habari. Mimi mayai nikiyamimina tu nakaa na kitambaa mkononi, nabandika, naipua, nabandika, naipua. Siondoki hapo hata mtoto akilia.

Mama Kijacho

Asante bibi, shikamoo. Hilo la kufunga kidirisha sikulifikiria kabisa.

Jiko la Tabata

Shikamoo bibi. Watu wa gesi pia wasome hapo. Haya majiko yetu yanayofungwa juu ya mtungi mdogo, hata ukizungusha mpaka mwisho bado moto unauma katikati na pembeni hakuna kitu. Kubandika na kuipua ndiyo dawa. Gordon Ramsay, mpishi maarufu wa Uingereza, anafanya hivyo hivyo na jiko lake zuri: anaweka mayai na siagi kwenye sufuria ya baridi, anabandika, anakoroga, anaipua, anabandika tena.

Mtazamaji wa YouTube

Sasa huyo huyo uliyemtaja anasema chumvi iwekwe MWISHONI, kwamba ukiweka mapema inaharibu mayai yanakuwa maji. Wewe unasema dakika kumi na tano kabla. Tumfuate nani, wewe wa Tabata?

Jiko la Tabata

@Mtazamaji wa YouTube, fuata kikaango chako. Pika mayai mawili umetia chumvi mapema na mawili umetia mwishoni, kwa moto ule ule, weka sahani mbili, onja. Chumvi ikipata muda inalegeza protini kabla hazijaona moto, kwa hiyo hazikazani sana zikiiva, na maji yanabaki ndani. Anachokisema ni kweli kwa macho: mayai mabichi yaliyokaa na chumvi yanakuwa mepesi na yanakolea rangi. Lakini ubichi wake si uivu wake.

Mimi kwake namuibia kitu kimoja. Mwishoni anatia kijiko cha kremu ya maziwa iliyochacha, ya baridi. Inaongeza ulaini, lakini kubwa zaidi inayapoza mayai palepale yasiendelee kuiva. Huku kwetu kijiko cha mtindi mzito uliochujwa kinafanya kazi hiyo, ila kiwe kimoja tu, ukali wake utakuzidi. Au kipande cha siagi baridi. Siagi naipenda zaidi.

Mzaramo Original

Na maziwa je? Mama yangu hajawahi kupiga mayai bila maziwa. Anasema yanakuwa mengi.

Jiko la Tabata

Kuwa mengi ni kweli, mama hajakosea, nyumba yenye watoto hiyo ni hesabu. Kijiko kimoja cha chakula kwa mayai matatu hakidhuru, yanakuwa laini kwa sababu umeongeza maji kati ya protini. Ukizidisha ladha ya yai inafifia, na moto ukipitiliza kidogo tu maziwa yale yale yanarudi kukutazama kwenye sahani.

Mkaanga wa Posta

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Mimi ni mpishi, zamu ya kifungua kinywa hotelini, naomba niongezee.

Mnaolalamikia mayai ya bufee mna haki. Yale tunapika mengi kwa pamoja, yanakaa kwenye lile sinia lenye maji ya moto chini, mgeni wa saa moja na mgeni wa saa nne wanakula pipa moja. Joto linaendelea kuyaivisha. Yakikaa sana yanaanza kuwa ya kijanikijani. Hayajaoza! Ni madini ya chuma kutoka kwenye kiini yamekutana na salfa ya kwenye ute, ndiyo ile ile duara ya kijani kwenye yai lililochemshwa kupita kiasi. Harufu yake ndiyo inawachosha watu.

Kwa hiyo jikoni kwetu tunafanya hivi: tunapika kidogo kidogo na kujaza mara nyingi, tunayatoa yakiwa bado laini sana, na wengine wanatia unga wa mahindi ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi. Kwa nyumbani kijiko kimoja cha chai cha huo unga, koroga na kijiko kimoja cha chakula cha maziwa baridi kisiwe na madonge, changanya na mayai matatu. Wanga unaingia katikati ya protini unazizuia kukumbatiana sana. Wapishi wa Hong Kong ndio mabingwa wa hilo. Ukitumia hii unaweza hata kuongeza moto kidogo na mayai hayatakauka. Kwa mtu asiye na uvumilivu wa kubandika na kuipua, hii ni rahisi kuliko zote zilizosemwa humu.

Jingine, pasheni moto sahani. Mimina maji ya moto, zungusha, futa. Sahani ya baridi inayapoza mayai kabla mgeni hajakaa.

Kijana wa Geto

Mkuu wa Posta umeshusha nondo. Mimi nina kikaango kimoja, sahani moja na kijiko. Sahani nikiipasha moto nitakula kwa mkono gani.

Asiyependa Makuu

Yaani watu wazima mnajadili yai kurasa mbili. Zege lipo pale kona, kachumbari bure.

Mfugaji wa Chanika

@Asiyependa Makuu, unakula mayai yangu hapo kona, nashukuru.

Nataka kusema la rangi, maana wateja wananisumbua. Mtu anapasua yai anaona kiini cheupe cheupe anasema "hili bovu", au "mmeweka dawa". Kiini kinachukua rangi kutoka kwenye chakula cha kuku. Chakula chetu huku msingi wake ni mahindi, na mahindi yetu ni meupe. Hapo kiini cha manjano kitatoka wapi? Wa kienyeji anachokoa majani huko nje, kinakolea. Mimi nikiwapa kuku mchicha na majani ya lusina, baada ya wiki kadhaa viini vinabadilika. Rangi si ubora na wala si uzima wa yai. Lakini nakubali, mayai ya kuvuruga ya kiini kilichokolea yanapendeza mezani, kwa hiyo mwenye hela achukue ya kienyeji, asije tu akaniambia ya kwangu ni sumu.

Kinachobadilisha mayai kweli ni jua. Trei inakaa mlangoni mwa duka kutwa nzima, jua la Dar linaipiga, joto la humu ndani ya jiji mnalijua. Ute unakuwa mwepesi, ukipasua yai linatandaa kama maji. Nunua kwa mtu anayeweka kivulini na anayemaliza mzigo haraka. Na ukifika nyumbani usiyaoshe ukayaweka, ganda lina utando wake wa kinga, ukiosha unautoa. Osha lile unalopika sasa hivi kama lina uchafu.

Kupima: glasi ya maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama wima lina umri, lakini linaliwa. Likielea, achana nalo. Sababu ni kwamba yai linavyokaa linapoteza unyevu kupitia kwenye ganda na hewa ndani inaongezeka.

Nesi wa Zamu

Nimefurahia uzi ila hilo la "toa yakiwa yanang'aa" naliwekea alama ya kuuliza. Salmonella ipo, inaweza kuwa hata ndani ya yai ambalo halina ufa. Wajawazito, watoto wadogo, wazee, na wenye kinga iliyoshuka wasile mayai yenye ubichi. Marekani wanashauri vyakula vya mayai vifike nyuzi 71.

Jiko la Tabata

@Nesi wa Zamu, uko sahihi na nilipaswa kulisema mwanzoni, asante. Kwa hao uliowataja: endelea mpaka usione kabisa kitu kinachotiririka, halafu toa hapo hapo. Nyuzi 71 si moto wa kukausha, yai la nyuzi 71 bado ni laini. Linalokauka ni lile la kwenye tisini huko. Kwa hiyo mama mjamzito hahitaji kula mpira, anahitaji moto mdogo na dakika moja zaidi. Na huo unga wa kastadi wa mkuu wa Posta hapo ndipo mahali pake, unakupa nafasi ya kuivisha kabisa bila kukausha.

Daladala la Gongo la Mboto

Nimerudi. Nimejaribu leo asubuhi. Ladha sawa, lakini yote yameganda chini ya sufuria, nimekwangua nusu nzima. Naomba ufafanuzi, siyo matusi.

Jiko la Tabata

Sufuria gani?

Daladala la Gongo la Mboto

Hizi za kawaida za alumini.

Bibi wa Buguruni

Alumini tupu inashika mayai, mwanangu, si kosa lako. Pasha sufuria kavu, futa, tia mafuta yaenee mpaka kwenye kuta, siyo chini tu. Na mayai yasiwe yametoka kwenye friji sasa hivi. Mimi natia samli. Siagi ya mkebe ile ya kupaka mkate ina maji mengi, inachemka badala ya kukaanga.

Jiko la Tabata

Bibi kamaliza. Kama una uwezo nunua kikaango kimoja kidogo kisichoshika chakula, Kariakoo vipo vya kila bei, na ukitumie kwa mayai tu. Mwiko wa mbao au wa plastiki laini, usikikwangue na kijiko cha chuma. Dada wa kazi, mdogo wako, shemeji, wote wapewe taarifa, maana steelwool moja tu na umeshakuwa na sufuria ya kawaida tena. Na hayo yaliyoganda chini usiyakwangue kuyaleta juu wakati wa kupika. Yaache huko, kula ya juu, roweka sufuria.

Mzaramo Original

Sisi tuko sita nyumbani. Nipige mayai kumi na nane kwa mkupuo?

Mkaanga wa Posta

Usifanye hivyo ndugu yangu. Kwenye kikaango cha kawaida cha nyumbani mayai sita ni mwisho. Yakizidi, ya chini yanaiva na ya juu yanakusubiri, unaongeza moto, tumerudi kule kule. Piga yote kwenye bakuli moja na chumvi yake, halafu pika kwa mafungu matatu, kila fungu dakika tatu nne. Chapati zikae mezani tayari na chai imemiminwa, watoto ndio waanze. Fungu la mwisho la wakubwa, nalo unaweza kulitia pilipili.

Kijana wa Geto

Na yakibaki?

Mkaanga wa Posta

Kiporo cha mayai ya kuvuruga usikipashe kwenye kikaango, kitakuwa mpira. Kiweke kwenye friji mapema, kesho kisage na uma, kitunguu kibichi, pilipili manga, katikati ya mkate. Baridi hivyo hivyo.

Kijana wa Geto

Friji sina.

Bibi wa Buguruni

Basi piga mawili.